Mwenye Nyumba Akiitaka Nyumba Yake

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya maneno matatu ambayo hapana mpangaji ayapendaye masikioni mwake, nayo ni haya: “Naitaka nyumba yangu.”

Nitatoa mfano wangu katika Tunduma, mji ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, katika Mkoa wa Songwe. Wanaoujua mji huo wajua jinsi ulivyovimba. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 wakazi wake hawakufika 100,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 walipita 200,000. Wengi wao hawakuzaliwa hapo. Wamekuja kufuata magari makubwa ya mizigo, forodha, biashara ya nafaka na maduka, nao wakaa kwa kupanga: huyu chumba kimoja, yule viwili, mwingine nyumba nzima yenye ua. Katika mji kama huo maneno yale matatu husemwa mara nyingi, na kila yasemwapo, mama mmoja huanza kufunga vyombo huku akiwaza watoto watalala wapi na watasoma shule gani.

Je, mwenye nyumba akisema hivyo, ana haki gani? Na mpangaji ana haki gani? Watu wengi hujibu upesi. Wengine husema, “Nyumba ni yake, basi atoke.” Wengine husema, “Nimelipa kodi yangu, sitoki.” Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili hayatoshi. Kwa muda wa miaka 90 hivi sheria za watu wengi, na zetu pia, zilijaribu kuamua kati yao kwa kuuliza swali moja tu: je, mwenye nyumba aitaka nyumba ili alale ndani yake mwenyewe, au aitaka kwa sababu nyingine? Nataka tuone swali hilo lilitoka wapi, likafikaje kwetu, na kisha likaondokaje.

Hapo kale swali hili lisingeeleweka Unyamwanga wala Unyiha. Ardhi ilikuwa chini ya machifu na wakuu wa koo. Mgeni aliyetaka kukaa aliomba mahali, akaonyeshwa, akajenga nyumba yake kwa miti na udongo na nyasi kwa msaada wa majirani. Hakulipa kodi ya nyumba, kwa kuwa nyumba aliijenga mwenyewe. Alichodaiwa ni heshima, na kazi, na kuishika desturi ya mahali. Tena watu walihama kila ardhi ilipochoka, na nyumba iliyoachwa ilirudi kuwa udongo. Katika hali hiyo mtu aliweza kufukuzwa kijijini kwa uchawi au kwa ugomvi, lakini hakufukuzwa kwa sababu mwenzake anaitaka nyumba. Nani angeitaka? Ya kwake angeijenga kwa siku chache.

Mpaka ulikuja na mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wadachi walipogawana nchi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na mwaka 1898 wapimaji wakaja kuutia alama. Wanyamwanga wakajikuta wako pande mbili, hawa chini ya Wadachi, hawa chini ya Waingereza. Jambo hilo mlishike, maana tutalirudia. Mwaka 1899 wamisionari wa Moravian wakaanzisha kituo chao Mbozi. Hapo, kama katika vituo vingi vya misheni vya wakati ule, lilianza jambo jipya: mtu kukaa katika ardhi ambayo mwenyewe si chifu wala ndugu, bali ni mwenye hati, na kukaa kwake kufungwa na masharti. Mimi ni mtoto wa shule za misheni na sina sababu ya kuwasema vibaya walionifundisha kusoma, lakini ni kweli kwamba katika vituo kama hivyo mkazi aliyevunja masharti aliweza kuambiwa ahame, pamoja na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Halafu ikaja dhahabu ya Lupa. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu kwa maelfu wakamiminika Chunya, na huko Saza, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Songwe, kukawa na mgodi mkubwa. Migodini watu wengi wakajifunza namna nyingine ya kukaa: nyumba inayokuja na kazi na kuondoka na kazi. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Mpaka leo jambo hilo halijaisha, na liwahusu wafanyakazi wa reli, wa shule na wa hospitali. Lakini silo ninalotaka kulisema leo, maana huko mwenye nyumba ni mwajiri, na mapatano yake ni ya kazi kabla ya kuwa ya nyumba.

Upangaji wenyewe, wa kulipa fedha kila mwezi kwa mtu mwingine ili ulale chini ya paa lake, ulikomaa kwanza katika miji ya pwani. Huko pwani palikuwa na desturi moja ambayo watu wa bara huiona ngeni: nyumba kuwa mali ya huyu, na kiwanja kilicho chini yake kuwa mali ya yule. Ng'ambo ya mji wa Unguja maelfu ya watu walikuwa na vibanda vyao wenyewe juu ya viwanja vya matajiri au vya wakfu, wakilipa ijara ya kiwanja. Ijara ilipozidi kupanda katika miaka ya 1920, watu wakachoka, na mwaka 1928 wakagoma kuilipa. Kesi zikajaa mahakamani. Asiyelipa aliweza kubomolewa kibanda chake, na hapo ndipo uchungu ulipo: mwenye kiwanja alikitaka kiwanja chake, lakini hakuweza kukichukua bila kuivunja nyumba ambayo si yake. Mgomo ulikuwa mkubwa hata serikali ya Unguja ikaona haina budi kutunga amri ya kuzuia ijara za viwanja zisipande ovyo. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na bunge wala kura. Walikuwa na umoja wao tu.

Hata hivyo swali letu la leo, la mwenye nyumba kuitaka nyumba yake ili akae mwenyewe, halikuzaliwa Unguja. Lilizaliwa mbali, katika mji wa Glasgow huko Scotland, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nitakaa hapo kidogo, kwa sababu sheria zetu zote za kodi ya nyumba ni wajukuu wa mambo ya mji ule.

Mwaka 1915 Glasgow ilijaa wafanyakazi waliokuja kutengeneza meli na silaha. Nyumba hazikutosha. Wenye nyumba wakaona bahati imewafikia, wakapandisha kodi, na asiyeweza kulipa akaletewa amri ya kutoka. Sasa fikirini: wanaume wengi walikuwa vitani Ufaransa, na waliokaa katika nyumba zile ni wake zao na watoto wao. Basi wanawake wakajipanga. Mkuu wao alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Govan, jina lake Mary Barbour, mke wa fundi wa meli. Walikataa kulipa nyongeza. Walikuwa wakikaa zamu katika njia za nyumba zao, na mmoja akiwa na kengele mkononi. Tarishi wa mahakama akionekana anakuja kutoa watu vyombo, kengele ililia, na wanawake wakatoka jikoni kila mmoja na alichokuwa nacho. Wengine walimmwagia unga. Tarishi akarudi mweupe kama mwokaji mikate.

Tarehe 17 Novemba 1915 wapangaji 18 wakaitwa mahakamani. Siku hiyo wafanyakazi wa viwanda vya meli wakaacha kazi, wakaungana na wanawake, wakaenda mahakamani kwa maelfu. Serikali ya London ilikuwa na vita mkononi, na meli zisipojengwa vita ingeshindwa. Kesi zikaachwa, na kabla ya mwaka kwisha sheria ikapitishwa: kodi za nyumba ndogo zirudi zilivyokuwa vita ilipoanza mwezi wa Agosti 1914.

Lakini watunga sheria waliona hatari moja. Mwenye nyumba akikatazwa kupandisha kodi, atafanya nini? Atamwambia mpangaji, “Toka,” kisha atamtia mwingine kwa kodi mpya. Kwa hiyo wakafunga na mlango huo. Wakasema: maadamu mpangaji analipa kodi na kushika masharti, mahakama isitoe amri ya kumwondoa, ila kwa sababu maalumu. Ameharibu nyumba, au amekuwa kero kwa jirani, au mwenye nyumba aihitaji kwa haki ili akae yeye mwenyewe, au mtu aliye katika kazi yake. Hivyo ndivyo swali letu lilivyozaliwa. Kabla ya hapo, mwenye nyumba hakuulizwa sababu. Tangu hapo aliulizwa, tena mbele ya hakimu.

Miaka 5 baadaye, mwaka 1920, Waingereza wakaongeza jambo. Wenye nyumba wengine walikuwa wamegundua kwamba maneno “nataka kukaa mwenyewe” ni ufunguo unaofungua kila mlango. Basi ikawekwa kwamba hata anayetaka kukaa mwenyewe, mahakama ione kwanza kwamba mpangaji atapata mahali pengine panapolingana kwa kodi na kwa kufaa. Shikeni sharti hilo pia.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, mambo ya Glasgow yakajirudia katika miji ya Afrika ya Mashariki. Miji ikajaa, vifaa vya kujengea vikakosekana, kodi zikapanda, na serikali za kikoloni, Nairobi na Dar es Salaam, zikachukua sheria ile ya Waingereza zikaikata na kuishona upya kwa kimo chetu. Ni haki kusema kwamba haikushonwa kwanza kwa ajili ya maskini wa Kiafrika. Waliokuwa wakipanga nyumba za mawe na kujua njia ya kwenda mahakamani ndio waliofaidi mbele. Mpangaji wa chumba Kariakoo, katika nyumba ile ya udongo yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, mara nyingi alikuwa akikaa pamoja na mwenye nyumba wake, paa moja na ua mmoja. Huyo alitegemea zaidi uso wa mwenye nyumba kuliko kitabu cha sheria.

Sheria ya namna hiyo ina ubaya wake pia, nao usifichwe. Kodi ikishikwa chini na mpangaji akawa hawezi kuondolewa, nyumba zilizo wazi huwa chache kama maji ya kiangazi. Hapo ndipo neno “kilemba” lilipopata maana mpya. Kilemba cha asili ni zawadi ya heshima, kama ile apewayo mwalimu mtoto ahitimupo. Mjini kikawa fedha ya siri: ukitaka nyumba, kwanza umpe kilemba mwenye nyumba, au mpangaji anayetoka, ndipo uingie. Sheria ilizuia kodi kupanda mlango wa mbele, na tamaa ikapita mlango wa nyuma.

Tulipopata uhuru hatukuitupa sheria hiyo. Tanganyika ilitunga yake ya kuzuia kodi za nyumba mwaka 1962, na mwaka huohuo Shirika la Nyumba la Taifa likaanzishwa. Kisha yakaja mambo yaliyolifanya swali letu kuwa kali kuliko lilivyokuwa Glasgow. Mwezi wa Februari 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Angalieni vizuri: halikumkataza kuwa na nyumba. Akae ndani yake na wanawe, hapana neno. Lililokatazwa ni kuwa na nyumba ambayo mwingine hulala na yeye hupokea fedha. Na tarehe 22 Aprili 1971 serikali ilitwaa majumba yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuzidi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba ambayo mwenyewe aliikalia yote haikutwaliwa. Kwa hiyo kulala ndani ya nyumba yako kulikuwa ndiko kunakuokolea nyumba. Majumba hayo yalikuwa zaidi katika barabara kubwa za Dar es Salaam, Tanga, Mwanza na miji mingine ya namna hiyo. Huku mpakani hapakuwa na mengi ya kutwaa.

Lakini huku mpakani palikuwa na jambo jingine likija, nalo lilikuja kwa chuma. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa ikijengwa, na mwaka 1970 Wachina, Watanzania na Wazambia wakaanza kazi ya reli, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Mwaka 1973 reli ikafika Tunduma. Mahali palipokuwa kijiji cha mpakani pakawa kituo, soko na maegesho. Wenyeji wenye viwanja karibu na barabara wakajenga vyumba vya kupangisha, kimoja baada ya kimoja, kwa faida ya mahindi au kahawa. Hivyo ndivyo Mnyamwanga na Mnyiha, ambao babu zao hawakujua kodi ya chumba, walivyokuwa wenye nyumba.

Mwaka 1984 ikatungwa sheria mpya, Sheria ya Kuzuia Kodi za Nyumba, namba 17 ya mwaka huo. Mtu akiisoma husikia sauti ya Glasgow ndani yake. Mpangaji asiondolewe kwa amri ila kwa sababu zilizotajwa: hakulipa kodi, amevunja masharti, ameleta kero, ameharibu nyumba, na kadhalika. Na mwenye nyumba akitaka kukaa mwenyewe, au mkewe, au watoto wake wadogo, au mtu akaaye naye kwa kweli, aoneshe kwamba haja hiyo ni ya haki, na tena kwamba mpangaji anayo nyumba nyingine ya kwenda, inayolingana kwa kodi na kwa kufaa. Ni lile sharti la mwaka 1920. Mashauri yalipelekwa kwenye Baraza la Nyumba la Mkoa.

Sasa tumweke mbele yetu mtu mmoja, wa mfano tu. Tuseme ni mzee aliyefanya kazi ya reli Dar es Salaam miaka 30. Akiwa kazini alijenga nyumba Tunduma, akaipangisha. Mwaka 1995 amestaafu, ufunguo wa nyumba ya kazi umerudi kwa mwajiri, naye arudi kwao na mkewe na masanduku yake. Mpangaji ni mfanyabiashara mwenye mke na watoto sita, hajakosa kulipa hata mwezi mmoja. Mzee asema, “Naitaka nyumba yangu.” Na ni kweli aitaka, hana pengine pa kulala. Kwa sheria ile, haikutosha kuwa na ukweli. Ilimpasa mzee aoneshe kwamba mfanyabiashara ana nyumba nyingine ya kufaa. Lakini atampatia wapi nyumba katika mji usio na nyumba? Wenye nyumba wengi waliona kwamba sheria imewafanya wageni katika nyumba zao, na mimi nadhani katika hilo hawakukosea.

Upande wa pili, mpangaji naye hakuwa salama kama maandishi yalivyosema. Kwa mtu wa Tunduma wakati ule, “mkoa” maana yake Mbeya, mwendo wa kilometa zaidi ya 100, maana Mkoa wa Songwe haukuwapo hata mwaka 2016. Nauli, siku za kazi zilizopotea, kesi kuahirishwa, kurudi tena. Wangapi waliokuwa na haki kwenye karatasi walifunga tu vyombo vyao usiku mmoja? Kitabu cha sheria hakina ukurasa wa kuwahesabu.

Kisha upepo ukageuka. Mwezi wa Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikalegeza masharti ya uongozi, na tangu hapo kiongozi aliweza kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1999 ikatungwa Sheria ya Ardhi, namba 4, ikaanza kutumika mwezi wa Mei 2001. Mwaka 2002 sheria nyingine ikaweka Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya mahali pa mabaraza ya mikoa. Na mwaka 2005, kwa sheria namba 11 ya mabadiliko ya sheria mbalimbali, ile sheria ya 1984 ikafutwa. Ilifutwa kwa maneno machache, kati ya marekebisho mengi ya mambo mengine, na naamini wapangaji wengi hawakujua siku ile kwamba jambo limewatokea.

Ni jambo gani hilo? Kwamba swali la Glasgow halikuulizwa tena. Mwenye nyumba hakuwa tena na lazima ya kueleza anaitakia nini. Anaweza kulala ndani yake, au kumtia mpwa wake, au kuivunja na kujenga fremu za maduka, kama wafanyavyo wengi Tunduma kila barabara inapopanuliwa. Hapana tena sharti la kumtafutia mpangaji mahali pengine. Haki ya mpangaji ilihama. Zamani ilikuwa katika sababu. Sasa iko katika muda.

Nieleze maana ya hayo, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi huumia bila kujua. Sheria ya Ardhi yasema kwamba upangaji usiotajwa mwisho wake huhesabiwa kuwa ni wa kipindi kwa kipindi, na kipindi chenyewe ni kile ambacho kodi hulipwa kwacho. Anayelipa kwa mwezi ana upangaji wa mwezi kwa mwezi. Anayetaka kuuvunja, awe mwenye nyumba au mpangaji, atoe notisi isiyopungua kipindi hicho, na notisi iishe siku ya kulipa kodi. Kwa hiyo mwenye nyumba asemaye tarehe 20, “Nataka utoke Ijumaa,” hajatoa notisi, ametoa hasira. Na katika kipindi kilicholipiwa, mpangaji ana haki ya kukaa kwa amani. Paa lisiezuliwe juu ya kichwa chake, wala mlango using'olewe.

Upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, waweza kufanywa hata kwa maneno ya mdomo. Watu hudhani pasipo karatasi hapana mapatano, sivyo. Lakini maneno ya mdomo yana udhaifu wake: siku ya ugomvi kila mtu hukumbuka yake. Tazameni desturi ya mijini mwetu. Mwenye nyumba husema, “Kodi yangu ni kwa mwezi, lakini unilipe miezi sita kwa pamoja.” Je, kipindi hapo ni mwezi mmoja au miezi sita? Mwenye nyumba atasema mwezi, kwa kuwa ndivyo alivyoitaja bei. Mpangaji atasema miezi sita, kwa kuwa ndivyo alivyotoa fedha. Mstari mmoja wa maandishi siku ya kuingia, wenye sahihi mbili, ungemaliza ubishi huo: kipindi ni muda gani, notisi ni muda gani, na kodi iliyotangulizwa itarudishwaje mwenye nyumba akiitaka nyumba yake kabla haijaisha. Na stakabadhi ya kila malipo iwekwe mahali ambapo mvua haifiki. Shauri likifika kwa mwamuzi hata kidogo, vitu hivyo viwili vitasema zaidi ya mashahidi kumi.

Nikasema tutarudi kwenye mpaka. Wanyamwanga wa Nakonde, hatua chache tu kutoka Tunduma, wako Zambia. Tangu tarehe 5 Oktoba 2019 nchi hizi mbili zina kituo cha mpakani cha pamoja, gari likaguliwe mara moja tu. Mizigo imefanywa kuwa chini ya utaratibu mmoja. Nyumba hazikufanywa hivyo. Zambia ilitunga Sheria yake ya Kodi za Nyumba mwaka 1972, nayo ikashika njia ya zamani ya kuuliza sababu. Katika sheria hiyo, mwenye nyumba ya makazi aitakaye nyumba yake ili akae mwenyewe na jamaa yake hupaswa kuwa amempa mpangaji notisi isiyopungua miezi 12.

Miezi 12 upande ule, na upande huu kwa mpangaji wa mwezi, mwezi mmoja. Watu ni wa ukoo mmoja, lugha moja, husalimiana asubuhi kwa maneno yaleyale na huoana. Dada amepanga Nakonde, ndugu yake amepanga Tunduma, na wote wawili katika wiki moja waambiwa yale maneno matatu. Dada ana mwaka mzima wa kutafuta nyumba, kumaliza kuvuna, kungoja mtoto amalize darasa. Ndugu yake ana siku thelathini. Wapimaji wa mwaka 1898 walipopigilia nguzo zao hawakuwaza jambo hilo.

Wako watakaosema sheria ya ng'ambo ni nzuri zaidi. Mimi sisemi hivyo kwa haraka, nikimkumbuka yule mzee wa reli na masanduku yake barazani kwa jirani. Miezi 12 ni mirefu sana kwa mtu ambaye nyumba yake mwenyewe imemfungia mlango. Lakini siku thelathini ni chache sana kwa mama mwenye watoto watatu shuleni, katika mji ambao vyumba hupangwa kabla havijapakwa chokaa. Kati ya hizo mbili pana nafasi kubwa, na sheria haiwazuii watu wawili wenye akili kuijaza wenyewe kwa mapatano: miezi mitatu, au mpaka shule zifungwe, au mpaka mahindi yatoke shambani. Mapatano ya namna hiyo yakiandikwa, hushika kama notisi nyingine yoyote. Hugharimu karatasi moja, na wakati wa kuyafanya ni siku ya kupeana ufunguo, wakati pande zote mbili bado zinacheka.

Asiyepatana, na akaona anaondolewa kabla ya muda wake, ana mahali pa kwenda. Aanze kwa mwenyekiti wa mtaa, mbele ya mashahidi, habari iandikwe na tarehe. Baraza la Kata, kwa mabadiliko ya mwaka 2021, limeachiwa kazi ya kusuluhisha tu, si kuhukumu. Kwa hiyo mtu asirudi nyumbani amekata tamaa kwa kuwa Baraza la Kata halikumpa hukumu. Hukumu hutafutwa juu yake. Aende na stakabadhi zake, na ile karatasi ya siku ya kwanza, na ile notisi aliyopewa, hata kama iliandikwa nyuma ya ukurasa wa daftari.